Wally West Alipotoweka Bila Kuagwa

Tarehe 31 Agosti 2011 kampuni ya DC Comics ya Marekani ilitoa katuni mbili tu kwa siku moja. Ya kwanza ilikuwa toleo la mwisho la Flashpoint, hadithi iliyoandikwa na Geoff Johns na kuchorwa na Andy Kubert, na ya pili ilikuwa toleo la 1 la Justice League mpya. Kati ya katuni hizo mbili, historia iliyokuwa imejengwa kwa robo karne ilivunjwa na kuanzishwa upya. Mwezi uliofuata yalikamilika majarida 52, yote yakianzia namba 1. Action Comics, jarida lililomleta Superman mwaka 1938 na lililokuwa limefika toleo la 904, lilirudishwa mwanzo. Detective Comics, lililofika 881, likarudishwa vilevile. Superman hakuwa tena na mke. Barbara Gordon, aliyewahi kuwa shujaa Batgirl na aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu kwa zaidi ya miaka ishirini ya kuchapishwa kwake, alisimama akatembea. Na Wally West, aliyebeba jina la Flash, shujaa mwenye mbio za ajabu, tangu mwaka 1986, hakuonekana popote.

Nimesikia mara nyingi maelezo mepesi kuhusu ghadhabu iliyofuata, kwamba mashabiki wa muda mrefu hawapendi mabadiliko na hawataki msomaji mpya apate nafasi yake. Sikubaliani na maelezo hayo. Wasomaji hawa wamewaona mashujaa wao wakifa na kufufuka, wakibadilishiwa mavazi, miji na maadui, wakipokezanwa na waandishi wapya kila baada ya miaka michache, na bado wakaendelea kununua. Kinachowauma ni jambo mahususi zaidi, nami naamini kwamba mtu akiuweka mwaka 1986 kando ya mwaka 2011, atakiona waziwazi.

Katuni hizi hutoka kila mwezi, kurasa ishirini na kitu kwa toleo, na kwa miongo mingi ziliandikwa kwa kuitegemea kumbukumbu ya msomaji. Mhusika alipotaja tukio la zamani, mhariri aliweka nyota ndogo juu ya maneno hayo, na chini ya picha kijisanduku kikamweleza msomaji kwamba jambo hilo lilitokea katika toleo fulani. Mimi nilianza kuzisoma kwa matoleo makuukuu yaliyouzwa juu ya turubai pamoja na vitabu vingine vya mitumba, moja la mwaka huu na jingine la miaka mitano nyuma, bila mpangilio wowote. Vijisanduku vile ndivyo vilivyonifahamisha kwamba nyuma ya kurasa nilizoshika kulikuwa na historia ndefu, na kwamba mahali fulani kulikuwa na watu wanaoijua yote. Katika kurasa za mwisho zilichapishwa barua za wasomaji, na nyingi zilitoka kwa watu waliogundua kwamba tukio la mwezi huu halikubaliani na tukio la miaka kumi iliyopita, wakaomba lipatiwe maelezo. Kampuni zilizichapisha barua hizo kwa furaha. Zilimkabidhi msomaji kazi ya kutunza kumbukumbu, naye akaipokea kwa moyo wote, bila malipo. Ndiyo maana linakuwa zito jambo la kampuni ileile kumwambia siku moja kwamba alichokitunza hakikuwahi kutokea.

Kuanza upya kwenyewe si jambo geni. Flash wa kwanza, Jay Garrick, alizaliwa mwaka 1940. Mwaka 1956 DC ilimleta Flash mwingine kabisa, Barry Allen, mwenye jina lingine na vazi lingine, bila maelezo yoyote, kwa sababu iliaminika kwamba watoto husoma katuni kwa miaka michache kisha huziacha. Haikuwa hivyo kwa wote. Walikuwapo waliokua nazo, na mwaka 1961 mwandishi Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino, katika toleo la 123 la The Flash, waliwakutanisha Jay na Barry kwa kueleza kwamba Jay aliishi katika Dunia nyingine iliyo sambamba na yetu. Mwaka huohuo Jerry Bails, msomaji aliyekuwa akiiandikia kampuni barua za kuomba mashujaa wa ujana wake warudishwe, alianzisha Alter Ego, jarida la mashabiki lililoandaliwa na mashabiki wenyewe. Kwa maneno mengine, dawa ya kwanza ya kuanza upya ilikuwa kumwambia msomaji mkongwe kwamba mashujaa wake bado wanaishi, ila wako mahali pengine.

Dawa hiyo ilizaa Dunia nyingi mno, na kufikia miaka ya 1980 kampuni iliona kwamba msomaji mgeni hapati pa kuanzia. Hapo ndipo lilipokuja Crisis on Infinite Earths, matoleo 12 yenye tarehe za Aprili 1985 hadi Machi 1986, yaliyoandikwa na Marv Wolfman na kuchorwa na George Pérez. Kusudi lake lilikuwa kuziteketeza Dunia zote ibaki moja. Ukilitazama kama uamuzi wa kibiashara, lilikuwa kali kuliko lile la 2011. Lakini tazama lilivyotekelezwa. Katika jalada la toleo la 7, Superman amebeba mwili wa binamu yake Supergirl, uso umemkunjamana kwa kilio, na nyuma yake wamesimama mashujaa wenzake. Katika toleo la 8 Barry Allen anakimbia kuuzunguka mtambo unaotishia ulimwengu, anakimbia mpaka mwili wake unayeyuka, na kinachobaki ni vazi jekundu lisilo na mtu ndani yake. Wally West, mpwa wa mke wake, aliyekuwa msaidizi wake tangu mwaka 1959, analivaa vazi hilo katika toleo la mwisho na kulichukua jina la Flash. Aliyempenda Barry alilia, na wengine hawakuwahi kusamehe, lakini kila mmoja alijua ni ukurasa upi aliompotezea.

Superman naye alitakiwa kuanza upya mwaka uleule kupitia The Man of Steel ya John Byrne. Kabla ya hapo, mhariri Julius Schwartz, aliyekuwa akistaafu usimamizi wa majarida ya Superman, aliamua kwamba matoleo yake ya mwisho yawe kana kwamba ndiyo mwisho wa kila kitu. Alan Moore aliandika, na Curt Swan, aliyekuwa amemchora Superman tangu enzi ambazo wasomaji wengi wa mwaka ule hawakuwa wamezaliwa, alichora. Hadithi ilitoka katika sehemu mbili, toleo la 423 la Superman na la 583 la Action Comics. Ndani yake kuna tukio ambalo bado linanigusa kila ninapolisoma. Marafiki wa Superman kutoka karne zijazo wanamtembelea kumpa heshima zao za mwisho, na pamoja nao yuko Supergirl akiwa bado msichana, kutoka wakati uliopita, asiyejua yatakayompata. Anauliza kama yeye mwenyewe, akiwa mtu mzima, yuko hapo karibu wasalimiane. Superman anamjibu kwamba kwa wakati huo yuko katika zama zilizopita. Msomaji aliyekuwapo mwaka uliotangulia anaelewa kila kitu kilichomo katika jibu hilo, na asiyekuwapo haelewi. Hadithi iliyokuwa ikifunga mlango ilisimama kwanza mlangoni na kuzungumza na waliokuwa ndani.

Hata hivyo si kila kitu kilikwenda vyema. Baada ya Crisis iliamuliwa kwamba Superman ndiye pekee aliyenusurika Krypton, sayari yao iliyoangamia, na kwa hiyo Supergirl, ambaye wasomaji walikuwa wametoka kumzika, hakuwa amewahi kuzaliwa. Aliuawa, kisha kifo chenyewe kikafutwa. Uamuzi huo uliwauma hata watu waliokuwa wakiziandika katuni hizi. Katika toleo maalumu la Krismasi la mwaka 1989, Alan Brennert aliandika hadithi fupi kuhusu Deadman, mzimu mwenye wema mwingi ambaye hakuna anayemwona wala kumshukuru, anayekutana na mwanamke anayemweleza kwamba jema hutendwa hata pasipo mtu wa kukumbuka aliyelitenda. Anapomuuliza jina, mwanamke anajibu kwamba anaitwa Kara, na kwamba hadhani jina hilo litamwambia chochote. Kara ni jina la Supergirl. Hakuna nyota wala kijisanduku katika ukurasa huo. Mwandishi alimtegemea msomaji akumbuke mwenyewe. Kwangu mimi kurasa zile chache zimeutetea ushabiki kuliko makala yoyote niliyowahi kusoma.

Sasa rudi mwaka 2011. Wally hakufa. Hakustaafu, hakupotelea vitani, hakuachiwa hata neno moja la kwaheri. Barry Allen, aliyekuwa amerudishwa miaka michache kabla, alikuwa Flash wa pekee, na dunia mpya iliendelea kana kwamba hapakuwahi kuwa na mwingine. Pamoja naye walitoweka Linda Park, mke wake, na watoto wao pacha. Fikiria msomaji aliyeanza na Wally akiwa kijana wa miaka ishirini asiyejiamini, akamwona akihofia kwamba hatafikia kimo cha aliyemtangulia, akampita, akaoa, akawa baba. Hizo ni zaidi ya miaka ishirini ya kusoma, na msomaji huyo alifunga toleo la mwisho bila kujua kwamba lilikuwa la mwisho. Ulikuwa msiba usio na matanga, na watu wasiopewa matanga hawamalizi kulia.

Habari ya Barbara Gordon ilikuwa nzito kwa namna nyingine. Risasi ya Joker, adui mkuu wa Batman, ilimlemaza mwaka 1988, katika hadithi ambayo yeye mwenyewe alikuwa chombo tu cha kumtesa baba yake. Kim Yale na John Ostrander, mume na mke, hawakuridhika aachwe pale. Mwaka 1989, katika toleo la 23 la Suicide Squad, walileta sauti isiyojulikana iliyojiita Oracle, inayozungumza kupitia kompyuta na kujua kila kitu. Zaidi ya mwaka ulipita kabla ya msomaji kuonyeshwa kwamba mwenye sauti hiyo ni Barbara, katika kiti chake cha magurudumu. Kuanzia hapo akawa mtu ambaye mashujaa wengine wote humtegemea. Aliporudishwa kuwa Batgirl anayeruka juu ya mapaa, Gail Simone, mwandishi aliyempenda kwa dhati na aliyekuwa amemwandika akiwa Oracle kwa miaka, alijitahidi kuyaheshimu yaliyopita: risasi ilibaki, na miaka mitatu ya kiti cha magurudumu ikabaki. Lakini wasomaji wenye ulemavu waliandika kwa uchungu kwamba kwa mashujaa wa kike waweza kuchagua miongoni mwa kadhaa, ilhali kwa shujaa aliye kama wao alikuwapo huyu mmoja. Sijaona jibu la kutosha kwa hoja hiyo.

Kilichowachosha wengine kilikuwa hesabu yenyewe. Kampuni ilisema mashujaa walijitokeza hadharani miaka mitano tu iliyopita. Hata hivyo, hadithi za Batman na za Green Lantern zilikuwa zikiuzwa vizuri, kwa hiyo ziliachwa karibu zilivyokuwa. Matokeo yake Batman alikuwa amewalea wasaidizi wake walioitwa Robin, yaani Dick Grayson, Jason Todd na Tim Drake, mmoja baada ya mwingine, na sasa alikuwa na mwanawe Damian, mwenye umri wa miaka kumi, vyote hivyo ndani ya miaka mitano. Mwaka uliofuata ikaelezwa kwamba Tim hakuwahi kutumia jina la Robin. Msomaji aliyeambiwa kwamba historia imefutwa ili iwe rahisi kueleweka alijikuta na historia iliyo ngumu kuliko ile ya awali, kwa kuwa ya awali angalau ilikuwa imeandikwa mahali ambapo angeweza kwenda kuisoma.

Haki inanitaka niseme pia yaliyokuwa mema. Justice League ya 1 iliuzwa zaidi ya nakala 200,000, na maduka ambayo yalikuwa yakilegalega yalipata wateja ambao hawakuwa wamewaona kwa muda mrefu. Batman wa Scott Snyder na Greg Capullo, Animal Man wa Jeff Lemire na Wonder Woman wa Brian Azzarello na Cliff Chiang ni kazi ninazozipenda na ambazo ningemkopesha yeyote. Tena hiyo ndiyo mara ya kwanza DC ilipotoa majarida yake yote kwa njia ya intaneti siku ileile yanapofika madukani, na kwa sisi tunaoishi mbali na maduka hayo, tuliozoea kusubiri mtumba uletwe na bahati, hilo lilikuwa jambo kubwa. Wapo marafiki zangu walioanza kusoma mwezi ule, na furaha yao ni halali sawa na majonzi yangu.

Waliokuwapo kabla walipokea jambo hili kwa namna zao. Wengine waliacha kununua palepale, kimya kimya, na hao ndio ambao kampuni huchelewa kuwaona. Wengine waliamua kwamba kwao Superman aliishia mwaka 1986, au 2011, na kila kinachofuata ni kazi ya watu wengine kuhusu mtu mwingine. Wapo waliokaa kutengeneza majedwali marefu ya matukio wakijaribu kuthibitisha kwamba yote yanaweza kupatana, kazi ninayoiheshimu sana. Na wapo waliohudhuria mikutano ya mashabiki mwaka baada ya mwaka na kusimama mbele ya kipaza sauti kuuliza swali moja: Wally yuko wapi? Kampuni ilijibu mwaka 2014 kwa kumleta Wally West mpya, kijana mweusi mwenye maisha tofauti kabisa. Kijana huyo alitendewa vibaya na pande zote. Kampuni ilimpa jina ambalo tayari lilikuwa na majonzi ndani yake, badala ya kumpa lake mwenyewe, na miongoni mwa waliompinga walikuwapo waliojificha nyuma ya mapenzi yao kwa Wally wa zamani ili waseme mambo ya ubaguzi. Msomaji mkongwe asiyeyakana hayo hana haki ya kulalamika kwamba hasikilizwi.

Marvel, kampuni inayoshindana na DC, haijiiti kampuni ya kuanza upya, lakini mwaka 2007 ilifanya jambo la aina hiyohiyo kwa Spider-Man. Ndoa ya Peter Parker na Mary Jane, iliyofungwa mwaka 1987, ilifutwa kwa mapatano na shetani aitwaye Mephisto ili shangazi yake, May, apone. J. Michael Straczynski, aliyeiandika hadithi hiyo, alieleza hadharani kwamba alitofautiana na mhariri mkuu Joe Quesada kuhusu mwisho wake. Kwa miaka mingi iliyofuata wasomaji waliambiwa kwamba Peter aliyeoa amezeeka, hawezi kuuzika. Kisha Januari 2024 Jonathan Hickman na Marco Checchetto walianzisha Ultimate Spider-Man, hadithi ya dunia nyingine ambamo Peter ni mume wa Mary Jane na baba wa watoto wawili, na toleo la 1 likachapishwa tena na tena kwa sababu lilikuwa likiisha madukani.

DC ilirudi nyuma mapema zaidi. Tarehe 25 Mei 2016 ilitoa DC Universe: Rebirth, toleo moja lenye kurasa 80, lililoandikwa na Geoff Johns, mtu yuleyule aliyeandika Flashpoint. Anayesimulia ni Wally wa zamani. Yuko nje ya wakati, amenaswa ndani ya ile nguvu inayowapa wakimbiaji kasi yao, na hawezi kutoka mpaka apatikane mtu mmoja anayemkumbuka. Anajaribu kwa Batman. Anajaribu kwa Linda, na hapo ndipo panapouma kuliko pote, kwa kuwa Linda anamtazama kama mtu asiyemjua na kuogopa. Anapokata tamaa anakwenda kwa Barry, si kuomba tena bali kumshukuru na kumuaga, na katika sekunde ile ya mwisho Barry anamwita kwa jina lake, anaukamata mkono wake na kumvuta ndani ya dunia. Wanakumbatiana wakilia. Sikujua kama ni mhusika ndiye aliyekuwa akimwomba Wally radhi au ni kampuni iliyokuwa ikituomba sisi, na sidhani kama Johns alitaka vitu hivyo vitenganishwe. Hadithi ilieleza kwamba kuna mtu aliyeiba miaka kumi ya maisha yao. Kijana Wally wa pili alibaki na nafasi yake, na mwaka uliofuata Superman alikuwa tena ndani ya historia moja na Lois, mke wake, na mwana wao Jon.

Furaha hiyo haikudumu kwa Wally, kwa kuwa miaka miwili baadaye hadithi ya Heroes in Crisis ilimfanya awe chanzo cha vifo vya wenzake, na ilichukua miaka kadhaa na mwandishi mwingine, Jeremy Adams, kumrudishia heshima na familia yake. Tangu mwaka 2021 msimamo wa DC umekuwa kwamba yote yaliyowahi kuchapishwa yalitokea, na kwamba mashujaa wanayakumbuka. Umechelewa, na una udhaifu wake, kwa sababu mambo yote yakiwa kweli ni vigumu kwa lolote kuwa na uzito. Hata hivyo nauchagua mbele ya ule wa 2011.

Barbara Gordon ameketi tena mbele ya kompyuta zake na analitumia tena jina la Oracle. Anatembea, akisaidiwa na kifaa kilichopandikizwa katika uti wa mgongo. Walioandika mwaka 2011 kuhusu kiti chake cha magurudumu bado hawajapata toleo lao la kurasa 80.